Tembo wa fedha na swala wa dhahabu: nimezipima sarafu mbili hapa Tabora

Mwangaluka, watazamaji wangu, na karibuni tena mezani kwangu hapa Tabora mjini. Leo nimeweka mbele yenu sarafu mbili za kuwekea akiba, kila moja ikiwa na mnyama wa porini. Hii kubwa nyeupe ni tembo wa Somalia, wakia moja ya fedha. Hii ndogo yenye wekundu ni Krugerrand ya Afrika Kusini, sehemu ya kumi ya wakia ya dhahabu, ambayo sonara jirani yangu ameniazima kwa saa mbili tu, na amesisitiza kwamba atakuja kuichukua yeye mwenyewe. Ninaposema fedha ninamaanisha madini, yale tunayoyaita silva mtaani, wala si noti.

Tuanze na tembo. Sarafu hii hutengenezwa Ujerumani, katika kiwanda cha sarafu cha jimbo la Bavaria, kwa jina la Somalia, na thamani iliyochongwa juu yake ni shilingi 100 za Somalia, namba isiyohusiana kabisa na bei mtakayoambiwa dukani. Picha ya tembo hubadilishwa kila mwaka, na ndiyo maana wapo watu wanaozikusanya moja baada ya nyingine kama mashabiki wanavyokusanya jezi. Tazameni mikunjo ya ngozi kwenye mkonga: nimeikagua kwa lenzi ya fundi saa na sikuona mstari uliofifia. Upande wa pili kuna ngao ya taifa la Somalia iliyoshikwa na chui wawili, kwa hiyo hata ukiigeuza hujawakimbia wanyama. Mizani yangu inasoma gramu 31.1, nayo ni sahihi, kwa kuwa wakia ya madini ni nzito kuliko ile ya jikoni yenye gramu 28 na kitu.

Krugerrand ilianza kutolewa mwaka 1967, na swala wake, yule springbok aliyechorwa na Coert Steynberg, hajabadilishwa hadi leo. Hii hapa ina gramu 3.39. Wanunuzi wengi wakisikia kwamba ni ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ndizo dhahabu, hudhani wamepunjwa, lakini sivyo, kwa sababu dhahabu safi iliyomo ni gramu 3.11, yaani sehemu ya kumi kamili ya wakia, na shaba imeongezwa juu ya hapo ili sarafu iwe ngumu na isikwaruzike ovyo. Wekundu mnaouona unatokana na shaba hiyo.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nirekodi video hii. Miaka miwili iliyopita niliuziwa sarafu ya fedha yenye mnyama mzuri sana na uzito kamili, na sumaku haikuishika, nikaridhika. Nilikosa kipimo cha maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya kidijitali, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu: wakia ya fedha itasoma gramu 2.96 hivi, kwa kuwa fedha ni nzito mara kumi na nusu kuliko maji. Tembo huyu amesoma 2.97. Ile niliyouziwa ilisoma 3.5, na hiyo ni hesabu ya shaba iliyopakwa rangi! Kwa Krugerrand ndogo jibu linapaswa kuwa karibu 0.19, kwa hiyo mizani ya jikoni isiyo na desimali mbili haitakusaidia.

Kuhusu utunzaji, fedha huwa nyeusi inapokutana na salfa, hivyo msiifunge kwa rababendi wala kuiweka karibu na moshi wa mkaa, na tafadhali msiisugue kwa majivu kama sufuria. Dhahabu haina usumbufu huo.

Bei ndiyo inayonifanya nimpendelee swala. Gharama ya kuchonga, kufungasha na kusafirisha haipungui kwa sababu tu madini ni ya bei nafuu, kwa hiyo nyongeza juu ya bei ya soko la dunia humlemea zaidi mnunuzi wa fedha. Kisha nilimuuliza sonara wangu angenipa kiasi gani kwa tembo huyu, akamweka kwenye mizani bila hata kumtazama usoni. Kwake mkonga na masikio ni uzito tu. Anayetaka akiba inayouzika hapa hapa Tabora achukue dhahabu, hata ikiwa ndogo, huku akijua kwamba vipande vidogo navyo vina nyongeza kubwa kuliko wakia nzima. Anayempenda tembo amnunue kwa mapenzi.

Na kwa kuwa tumemtaja tembo, mji huu una wake. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa vitani, walitengeneza katika karakana ya reli hapa Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima na herufi T, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Zilitoka 16,198 tu, na wakusanyaji huzilipia zaidi ya thamani ya dhahabu safi iliyomo katika kila moja, ambayo ni gramu 5.4 hivi. Mimi ninayo picha tu, hii hapa. Mnajua jinsi watu wanavyozunguka na hadithi za rupia za Mjerumani, wakinong'ona na kutaka malipo ya awali. Akija mtu kwako na tembo huyo amemfunga kwenye kitambaa, usimuulize aliipata wapi. Mwombe kwanza aiweke kwenye mizani, na kama haisomi gramu 7.17 au pungufu kidogo kwa kuchakaa, mrudishie pamoja na kitambaa chake.