MoCA au kumkalisha kwenye cherehani?
Braza wangu alipata ajali ya bodaboda akaumia kichwa, sasa anataka kurudi kwenye ushonaji hapa Tabora, tukawa na njia mbili za kumpima. MoCA, yaani kile kipimo cha karatasi cha kumbukumbu na akili, ni kama dakika 10 tu, maksi 30, ukipata 26 kwenda juu uko poa, unachora saa, unakumbuka maneno matano, na ambaye shule yake haizidi miaka 12 anaongezewa maksi moja (moja tu jamani, kwa mtu wa la saba!). Fasta, sawa. Ila mi nimekubali zaidi kumkalisha kwenye cherehani siku tatu nne, suruali alikata vizuri kabisa, shida mteja akimsemesha katikati anasahau vipimo vyote, basi tukamwekea daftari na chaki shingoni. Karatasi isingetuambia hiyo.