Siku mbili kwenye baraza la Grand Hotel, kisiwani Mackinac

Sisi tuliokulia Lamu hatushangazwi na kisiwa kisicho na magari. Kilichonishangaza mimi na mke wangu, tulipovuka kwa feri kutoka Mackinaw City, ni jinsi watu wanavyolipa fedha nyingi ili waishi kwa siku mbili maisha ambayo kwetu yalikuwa ya bure. Kisiwa cha Mackinac, ambacho wenyeji hukitamka "Makino", kimo katika Ziwa Huron, jimbo la Michigan nchini Marekani. Kijiji chake kilipiga marufuku magari mwaka 1898, baada ya wenye mikokoteni kulalamika kwamba yanawatia farasi wao kiwewe. Mizigo yetu ilipakiwa kwenye gari la farasi, nasi tukapanda jingine, na harufu ya samadi iliyotupokea gatini ilinirudisha moja kwa moja kwa punda wa Mkomani, mtaa wa Lamu.

Grand Hotel ilifunguliwa mwaka 1887 na kampuni mbili za reli pamoja na moja ya meli, ambazo zilihitaji mahali pa kuwapeleka abiria wao wakati wa kiangazi. Jengo ni la mbao, jeupe kote, na mbele yake limenyooka baraza lenye urefu wa takribani mita 200, linalosifiwa kuwa refu kuliko mabaraza yote ya aina yake duniani. Ukingoni mwake yamepangwa maua mekundu ya jerania, na nyuma ya maua viko viti vya bembea, safu ndefu usiyoiona mwisho. Ukiketi hapo unaliona Daraja la Mackinac, lililofunguliwa mwaka 1957, likififia katika ukungu wa asubuhi.

Kuhusu vyumba sina mengi ya kusema, ila kwamba havipambwi kwa namna moja. Chetu kilikuwa na maua makubwa ukutani, ambayo mke wangu aliyapenda kuliko mimi. Chakula cha jioni ni jambo jingine. Baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni wanaume hutakiwa kuvaa koti na tai, nami tai yangu nilikuwa nimeisahau nyumbani, nikaazimwa na mgeni wa meza ya jirani. Wahudumu wengi wanatoka Jamaika, na ucheshi wao unapunguza ukakamavu wa koti. Mtu asiondoke bila kuonja bonge la aiskrimu lililoviringishwa katika kokwa za pekani na kumwagiwa chokoleti ya moto.

Kwa anayeona bei ya kulala ni kubwa mno, na kwa kweli ni kubwa, ningemshauri aje mchana tu, alipe kiingilio cha baraza, kisha akodi baiskeli na kuuzunguka ufuo, safari ya kilomita 13 hivi. Aje kati ya Mei na Oktoba, kwa kuwa majira ya baridi hoteli hufungwa.

Jambo moja tu sikulizoea. Baraza la Lamu hujengwa watu wakabiliane, wapashane habari. Hapa viti vyote vinatazama ziwa, na jirani unamjua kwa ubavu. Asubuhi ya pili mke wangu alikigeuza chake kikanielekea, tukanywa chai hivyo hadi gari la farasi lilipokuja kutuchukua.