Pikipiki ya umeme na kasha la samaki: uzoefu wangu Malindi

Nitaanza na jibu, maana najua wengi mnasoma huku mkipiga hesabu. Kwa kazi ya kuuza samaki Malindi mjini, Casuarina, Gede na Watamu, pikipiki ya umeme inafaa na inalipa. Kwa anayekwenda Marafa, mbali huko bara, kila siku, bado asubiri.

Kazi yangu ni kuchukua samaki dikoni asubuhi, kuwapanga kwenye kasha la barafu na kuwafikisha kwa wateja: mahoteli madogo, majumba ya Casuarina, na mama karanga, yaani akina mama wanaokaanga samaki na kuwauza, wa Gede na Watamu. Kasha likijaa changu, tafi na barafu linapita kilo 60. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya chombo kilichobeba mzigo, si yule kijana mwembamba wa kwenye tangazo anayeendesha huku akicheka.

Nguvu inayo. Haina gia wala klachi. Ukifungua mkono inaondoka papo hapo, kwa sababu mota ya umeme hutoa msukumo wake mkubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Kwenye mchanga hiyo ni neema. Lami ikiwa imelowa, fungua mkono polepole, la sivyo gurudumu la nyuma litateleza. Bomba la moshi hakuna, kwa hiyo anayepanda nyuma na leso yake haungui mguu. Sauti pia hakuna, na hapo honi inafanya kazi maradufu, hasa kwa mbuzi.

Sasa umbali, maana ndipo penye maneno mengi. Betri yangu ina uniti (kilowati-saa) tatu na kitu za umeme. Muuzaji aliniambia kilomita 90. Labda kwa mtu peke yake, barabara tambarare, upepo umelala. Mimi nikiwa na kasha napata 60 na ushei, na msimu wa kusi zinapungua tena, maana kutoka Malindi kwenda Gede upepo unakupiga kifuani. Mwendo nao unakula betri: ukitoka 40 kwa saa ukafika 60, ukinzani wa hewa unakuwa zaidi ya mara mbili. Ukishajua hilo unaona kwa nini mwenzako mwenye betri kama yako amefika nayo ina asilimia 40, na wewe uliyekuwa ukikimbizana na matatu umefika na 15.

Kwenda Watamu na kurudi kupitia Gede ni karibu kilomita 50. Yaani betri ikijaa ni safari moja ya Watamu, na kinachobaki ni cha kuzungukia mjini. Hapo ndipo chombo hiki kilipobadilisha kazi yangu kuliko nilivyotarajia. Zamani, na ile ya petroli, simu ikilia nilikuwa naondoka. Hoteli inataka kilo nne za kolekole, haya Watamu. Nimerudi, mama karanga naye anataka tafi, haya Watamu tena. Petroli ilinidanganya kwamba barabara ni bure, kwa kuwa tangi halikuisha hapo hapo. Betri haikubali mchezo huo. Ikabidi niwaambie wateja wa upande huo waagize usiku, niende mara moja.

Mahoteli hayakuwa na shida. Shida ilikuwa kwa mama karanga. Mmoja wa Gede aliniambia, "Mwanangu, mimi nitajuaje leo nitauza nini kesho?" Nikamwambia, "Mama, nipe kadirio tu, wakibaki nitawachukua mimi." Tukaelewana hivyo. Wakati mwingine narudi na samaki wawili watatu, na nyumbani tunakula. Lakini safari za kwenda kusini zimepungua kwa zaidi ya nusu, na hilo peke yake limepunguza moshi wangu hata kabla sijataja umeme. Naamini mwenye pikipiki ya petroli akifanya hivyo kesho, atapunguza wake pia bila kununua chochote.

Tuje kwenye hesabu ya moshi wenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Watu dikoni hunibishia: lita yenyewe haifiki kilo moja, itatoaje gesi ya kilo mbili? Sababu ni kwamba kaboni iliyo ndani ya petroli hushikana na oksijeni ya hewani, na uzito mwingi wa gesi ile ni wa hiyo oksijeni. Pikipiki yangu ya zamani ikiwa na mzigo ilikwenda kama kilomita 35 kwa lita, kwa hiyo kila kilomita 100 nilikuwa naacha nyuma yangu kilo sita na zaidi.

Na umeme je? Hapa Kenya karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme unaozalishwa nchini hutoka kwenye mvuke wa ardhini kama wa Olkaria, mabwawa kama ya Mto Tana, upepo kama wa upande wa Ziwa Turkana, na jua. Jua lenyewe tunalo hapa hapa: mtambo wa Langobaya wa megawati 40 unafanya kazi tangu 2021. Majirani hunitania kwamba naendesha kwa jua la Langobaya. Ningependa iwe hivyo, lakini umeme wa gridi umechanganyika, na mimi nachaji usiku. Tena Rabai na Kipevu, upande wa Mombasa, kuna mitambo ya umeme ya mafuta mazito, na jioni, watu wanapowasha taa na televisheni, ndipo mitambo ya aina hiyo inapohitajika zaidi. Kwa hiyo saa moja jioni sichomeki kitu. Nachomeka baada ya saa nne usiku, wakati Olkaria kuna mvuke mwingi kuliko wanaouhitaji, hata mwingine huachiliwa hewani. Adhana ya alfajiri ikisikika betri imejaa, labda stima iwe imekatika, na hilo Malindi hamhitaji kuhadithiwa.

Fedha: lita ikiwa shilingi 180, kilomita 100 zilikuwa zinanimaliza shilingi 500 hivi. Sasa zinakula uniti tano hadi sita, na hata tokeni ya nyumbani ikifika shilingi 30 kwa uniti, haizidi 180. Ile bei maalumu ya umeme wa vyombo hivi, iliyotangazwa 2023, ya shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku kabla ya kodi na tozo, imewafaa zaidi wenye vituo vya kuchaji. Mimi mwenye soketi moja ukumbini hainihusu. Oili ya injini na plagi nimezisahau. Breki, mnyororo na tairi ziko pale pale. Bei ya kununua iko juu, na sehemu kubwa ni betri.

Kasoro yake kubwa ni mahali walipoweka plagi ya betri: chini ya keria. Barafu ikiyeyuka, maji yenye chumvi yanadondokea pale pale. Vichwa vya shaba vikashika kutu ya kijani na pikipiki ikawa inazima njiani. Nikampigia muuzaji, akanijibu, "Mzee wangu, maji ya chumvi hayamo kwenye dhamana." Nikamuuliza, mlipokuja kuiuza Malindi mlidhani bahari yetu ni ya maziwa? Fundi wao yuko Mombasa, na kumngoja ni kungoja mvua ya Januari. Fundi wa hapa mtaani alisafisha vichwa, akapaka grisi, akatoboa kasha na kufunga mpira wa kupeleka maji nyuma ya gurudumu. Tangu hapo imetulia. Ukinunua, fanya hivyo kabla hujabeba samaki hata mmoja.

Kuna wanaochukua pikipiki bila betri, wakawa wanabadilisha betri vituoni. Ni haraka na huhitaji umeme wa nyumbani. Lakini unakwenda pale tu kituo kilipo, na malipo ya siku yakichelewa kampuni inaweza kuizima kutoka mbali. Mwenye kubeba abiria mjini huenda ikamfaa. Mwenye samaki wanaoyeyukiwa na barafu, mimi simshauri.

Marafa nimeachana nako. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 30, kuna vumbi na miinuko, na kurudi hakuna uhakika. Mteja wangu wa huko namtumia kasha kwa matatu, ambayo ingekwenda tu hata bila samaki wangu. Nauli ya kasha analipa yeye.