Uzoefu wangu na vishikizo vya chasisi vya kufungia kempa kwenye pikapu

Kama unataka kitu cha kufunga kwa dakika kumi, seti hii haikufai. Ni mabano manne ya chuma yanayoshikiliwa kwa bolti kwenye chasisi, pamoja na skrubu nne za kukazia zenye springi ndani, zinazounganisha mabano na kempa. Niliichagua kwa sababu sikutaka kempa, yaani kijumba cha kulala kinachobebwa na pikapu, ifungwe kwenye bodi ya mizigo. Bati la bodi limeundwa kubeba mzigo uliotulia juu yake, halikuundwa kuvutwa pembeni na kijumba kizima kila gari linapokata kona. Nimeshaona bodi za watu zilizochanika kwenye matundu ya bolti.

Mabano ya nyuma yalikaa bila shida. Ya mbele ndiyo yaliyonitoa jasho: unalala chini ya gari, unasogeza nyaya na bomba la breki visije vikabanwa, na kwa upande mmoja bano linapita karibu mno na bomba la moshi. Angalau hakuna kutoboa chochote, bolti zinaingia kwenye matundu ya kiwandani. Maelekezo ni michoro mitupu, na hayasemi bolti zikazwe kwa nguvu kiasi gani. Kwa kifaa cha usalama, hilo ni kasoro.

Kupakia kempa kunataka watu wawili. Mlango wa nyuma wa bodi unatolewa, kempa inasimama kwa jeki zake nne, pikapu inarudi nyuma polepole ikiingia chini yake huku mwenzako akitazama pembe zote mbili. Kisha jeki zinashushwa kidogo kidogo kwa zamu, upande wa mbele ukiwa juu kidogo. Skrubu za mbele zinavuta chini na kuelekea mbele, za nyuma zinavuta chini na kuelekea nyuma, hivyo kempa haina pa kukimbilia.

Springi zile si mapambo. Gurudumu moja likipanda jiwe, chasisi hujipinda, na bodi pamoja na kempa haviifuati sawasawa. Mnyororo usio na springi hapo ama utang'oa kitu ama utalegea. Springi inaachia kidogo kisha inarudi. Hata hivyo, baada ya kilomita chache za mwanzo simama ukague, maana kempa ikishakaa vizuri skrubu hulegea.

Kilichonishangaza ni mkeka wa mpira, ambao huuzwa kando. Plastiki ya kiwandani ya bodi inateleza. Niliitoa, nikatandika mpira mzito, na kempa ikaacha kutambaa kwenye breki kali. Kama fedha inatosha kitu kimoja kwanza, anza na huo.

Kuna muuzaji atakayekuambia vishikizo imara au mifuko ya hewa ya kusaidia springi za gari vinaongeza uwezo wa gari. Haviongezi. Kikomo cha mzigo kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na ndani yake wamo abiria na maji pia: lita 100 ni kilo 100. Kitovu cha uzito wa kempa nacho kiwe mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, la sivyo usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi.

Mabano ningeyanunua tena. Skrubu ningetafuta zenye kufuli, kwa kuwa hizi mpita njia yeyote anaweza kuzifungua kwa mkono.