Manowari za mseto: miezi minane na High Guard mezani kwetu Donholm

"Sawa, ni kali. Lakini tanki liko wapi?"

Fundi alikuwa ameushika mchoro wangu kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa noti asiyoiamini. Kazi yake ni kuunda bodi za matatu kule Kariobangi Light Industries. Mchezo wetu alikuwa hajawahi kuugusa. Alikuja tu kumsindikiza mkewe, ambaye tumecheza naye miaka mingi. Manowari ile niliichora kwa wiki mbili: mizinga arobaini, pua kama ya papa, taa za buluu chini ya tumbo. Tanki la mafuta sikuwa nimelifikiria kabisa. Wiki iliyofuata nikanunua High Guard.

Kwa asiyekijua, High Guard ni kitabu cha kujengea meli za angani katika Traveller, mchezo wa kuigiza wahusika mezani ulioanza 1977 kwa kazi ya Marc Miller. Nilicho nacho mimi ni toleo la Mongoose Publishing lililosasishwa 2022. Nilinunua nakala ya PDF kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, kisha nikachapisha kurasa za majedwali River Road, kwa sababu kusoma jedwali la safu saba kwenye simu ni kujitafutia miwani. Jua mapema kwamba peke yake hakitoshi. Lazima uwe na kitabu kikuu cha kanuni, la sivyo utakuwa na meli bila mchezo.

Sisi hukutana Jumapili alasiri, watu watano, chapati na maharagwe yakiwa upande mmoja wa meza na dadu upande mwingine. Kila mmoja amelelewa na hadithi yake ya angani na hakuna aliye tayari kuiacha. Binamu yangu ni wa Star Wars, damu na nyama. Mke wa fundi ni wa Star Trek. Kwa hiyo tuliamua kuwa na ulimwengu wa mseto, ambamo majeshi yote yanakutana katika anga moja yenye nyota chache za kugombaniwa. Mimi ndiye mwamuzi, yaani mzigo wote wa hesabu ni wangu.

Mseto Wakenya tunaujua. Mwaka 2008 tuliunda serikali ya mseto, kila upande ukataka viti, na baraza likafika mawaziri 40. Meza yetu ilianza hivyohivyo. Binamu alikuja na meli yake ya pembetatu, Star Destroyer, ambayo urefu wake unajulikana: mita 1,600. Mke wa fundi akaja na Enterprise ya kwanza, mita 289. Ukiziangalia kwenye karatasi unaona moja ni ndefu mara tano na nusu ya nyingine, ukadhani labda zinaweza kupambana. Lakini ujazo haufuati urefu. Ukirefusha kitu mara tano na nusu bila kubadilisha umbo, nafasi ya ndani inaongezeka takriban mara 170. Nilipoitaja namba hiyo, mke wa fundi aliweka kalamu chini. "Msee, hiyo si meli," alimwambia binamu, "hiyo ni kaunti."

Hapo ndipo kitabu kilipoanza kulipa deni lake. High Guard haijali urefu. Kila kitu kinapimwa kwa tani, na tani yenyewe si uzito bali ni nafasi: ile inayochukuliwa na tani moja ya haidrojeni ya kimiminika, ambayo kitabu kinaifanya mita za ujazo 14. Haidrojeni hiyo ni nyepesi mno, mita moja ya ujazo haifiki hata kilo 75, ndiyo maana inakula nafasi hivyo. Fundi alifurahia kipimo hicho kuliko sisi sote. Matatu ya abiria 14, zile HiAce zetu, ukiipima kwa nje inazidi tani moja kidogo tu. Meli ya tani 1,000 ni makontena zaidi ya 360 ya futi 20. Ukipita karibu na bandari kavu ya Embakasi unaweza kuiona meli yako imepangwa pale chini, bila injini.

Basi tukakubaliana jambo moja, na nadhani ndilo lililookoa mchezo: hakuna kunakili urefu wa meli ya kwenye filamu. Unanakili tabia yake. Ile pembetatu ya binamu inatisha, inasonga mbele, inatema ndege ndogo. Ile ya mke wa fundi ni meli ya uchunguzi inayojua kupigana ikilazimika. Tabia hizo zote zinaingia ndani ya tani 1,000 kama fundi anavyokupa bodi ya viti 33 juu ya chesisi ya Isuzu, uipake rangi unayotaka, uiite jina unalotaka. Chesisi ni ileile.

Kujenga kwenyewe kunaenda hivi. Injini ya mwendo inachukua asilimia moja ya meli kwa kila kiwango cha msukumo, kwa hiyo meli ya tani 1,000 inayotaka msukumo wa 6 inatoa tani 60. Injini ya mruko, ile ya kuvuka kutoka nyota hadi nyota, ni asilimia 2.5 kwa kila parseki ya mruko (parseki ni kipimo cha umbali kati ya nyota), ukiongeza tani 5. Chumba cha baharia ni tani 4. Mnara wa mzinga ni tani 1, na unaruhusiwa mmoja kwa kila tani 100 za meli. Mizinga yangu arobaini ikawa kumi, kwaheri. Halafu unafika kwenye mafuta: asilimia 10 ya meli nzima kwa kila parseki. Ukitaka kuruka parseki 4, asilimia 40 ya manowari yako ni tanki. Nilimpigia fundi simu usiku huohuo kumwambia. Alicheka hadi akakohoa.

Umeme nao una hesabu yake, na hapa kitabu kimefikiri vizuri. Meli yetu ya tani 1,000 inahitaji alama 200 za umeme kwa mambo ya kawaida, 600 kwa msukumo wa 6, na 200 kwa mruko wa parseki 2. Lakini kusukuma na kuruka havifanyiki kwa wakati mmoja, kwa hiyo unanunua mtambo wa kutosha kile kikubwa zaidi, kisha unaongeza wa silaha. Mtambo wa kati hutoa alama 15 kwa tani. Ukibana sana, nahodha anabaki akichagua nini kizimwe vita vikianza. Stima zilipotea mtaani kwetu Jumapili moja tukiwa katikati ya pambano la aina hiyo, tukaendelea kwa tochi za simu, na nakuambia hakuna muziki wa filamu unaoweza kuishinda hali ile.

Sasa nifike kwenye mkataba, maana ndiko kitabu kilikonishangaza.

Kuzuia watu kujenga kaunti, nilitunga mkataba wa silaha ndani ya hadithi. Nilikopa wazo kutoka Mkataba wa Washington wa 1922, ambapo Marekani, Uingereza, Japani, Ufaransa na Italia zilikubali kuwa manowari kubwa isizidi tani 35,000. Kipimo chao hakikuhesabu mafuta. Nikaona ni jambo la haki, kwa sababu wanaosafiri mbali wasiadhibiwe kwa kubeba mafuta. Basi sheria yetu ikawa: tani 1,000, mafuta hayahesabiwi.

Binamu alinyamaza wiki nzima. Aliporudi alikuwa na meli ya tani 1,666.

Hesabu yake ilikuwa safi. Meli ya mruko wa 4 ina asilimia 40 ya mafuta. Kwa hiyo tani 1,000 zinazohesabiwa ni asilimia 60 tu ya meli nzima, ukiacha mafuta kidogo ya mtambo. Na katika High Guard uhai wa meli, zile alama unazokata ikipigwa, hutokana na ukubwa wote: alama moja kwa kila tani 2.5. Meli yake ilikuwa na alama 666, na minara 16 ya mizinga. Mke wa fundi, aliyejenga kwa uaminifu na mruko wa 1, alikuwa na tani 1,111, alama 444 na minara 11. Tanki la binamu lilikuwa limegeuka deraya, yaani ngao ya meli, tena kwa idhini ya mkataba niliouandika mwenyewe. Wakili angejivunia.

Nilitaka kuifuta sheria. Fundi, ambaye kufikia hapo alikuwa mchezaji kamili, akakataa. "Mwache," akasema. "Hiyo gari ni nzito."

Alikuwa tayari na lake. Alijenga mtepe. Ile mitepe ya kale ya pwani yetu, mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, aliiona kwenye picha akaipenda kwa sababu za kifundi kabisa. Mtepe wake wa angani hauna injini ya mruko wala tanki la mruko. Unasafiri kwa pepo. Tulitunga sheria yake pamoja: kuna msimu wa kaskazi, ambapo unaweza kwenda upande mmoja wa ramani, na msimu wa kusi, unaporudi. Nje ya msimu unatia nanga na kungoja kama jahazi lolote. Vifaa vya tanga nilivipa tani 5.

Ukiutazama kwa haraka, mtepe ulikuwa umepunjwa. Bila mafuta ya kusamehewa na mkataba, ulibaki tani 1,000 kamili na alama 400 za uhai. Lakini shuka ndani uhesabu. Binamu anatoa tani 172 kwa injini ya mruko, na kwa kuwa bodi yake ni kubwa, msukumo wa 6 unamla tani 100. Nafasi yake ya maana imebaki 728. Mtepe umetoa 5 za tanga na 60 za msukumo. Umebaki na 935. Ndani ya nafasi hiyo fundi aliweka ngalawa kumi za kivita za tani 10, kila moja ikichukua tani 11 za maegesho. Mkataba wangu haukusema lolote kuhusu ngalawa.

Pambano lilichukua Jumapili mbili. Meli ya binamu haikuweza kuzifukuza ngalawa zote, na mtepe haukuweza kumfuata aliporuka kukimbia, kwa sababu ilikuwa kusi na yeye alielekea upande wa pili. Katika Traveller mruko mmoja huchukua takriban wiki nzima na hakuna habari inayotangulia meli, kwa hiyo hakuna aliyejua nani ameshinda hadi mchezo wa tatu. Kitabu ambacho kinaweza kubeba Star Wars, Star Trek na pepo za Bahari ya Hindi kwenye jedwali moja, bila yeyote kupewa cha bure, mimi nakivulia kofia.

Kasoro zipo. Kuhesabu uhai wa meli kwa penseli ni adhabu; alama 666 zinakatwa tano, saba, tatu, hadi karatasi inatoboka. Silaha ndogo dhidi ya deraya nene ni kupoteza muda: leza yenye madhara ya dadu moja mbele ya deraya inayokata madhara 8 inaomba muujiza. Majedwali yametawanyika, na kwa mara ya kwanza meli moja ilinichukua jioni mbili nzima. Bila jedwali la kompyuta linalojumlisha lenyewe, usianze. Lugha nayo ni Kiingereza kitupu, ikabidi tujitungie msamiati: mruko, msukumo, deraya, uhai. Manowari hatukulihitaji kulitunga. Hilo tuliwachukulia Waingereza zamani.

Usifanye kosa langu la kukimbilia vinyago. Nilipeleka michoro kwenye duka moja la uchapishaji wa 3D mjini. Mdomo wa mashine yao ulikuwa wa milimita 0.4, kwa hiyo kitu chembamba kuliko hapo hakitoki, na hakuna aliyenieleza kabla sijalipa. Mizinga yote ilipotea. Tukabandika vijiti vya meno kwa gundi, na mtepe ukashonwa kwa uzi wa katani kweli kweli. Ndio mzuri kuliko zote.

Nyota nne kati ya tano. Kama una kikundi kinachocheza hadithi moja tu, chenye meli zilizokwisha kuchorwa na wengine, hifadhi pesa zako. Kama mezani kwako kuna ugomvi wa nani ana meli kubwa, nunua.

Mkataba tunaujadili upya mwezi huu. Binamu anataka ngalawa zihesabiwe. Mke wa fundi anataka mafuta yahesabiwe. Fundi ameomba kitu kimoja tu, kwamba mwamuzi asiwe ndiye anayeandika kalenda ya pepo.