Bagi 8 mpya za upepo kwenye basi langu la nyumba, baada ya miezi 14

Basi lilikuwa linalala kushoto. Jioni naliegesha limenyooka vizuri, asubuhi naamka kichwa kiko chini kuliko miguu, mlango wa friji unafunguka wenyewe na maji ya sinki yamejikusanya kwenye kona moja hayataki kushuka. Mwanzo nikasema labda ardhi ni laini, nikahamisha, nikaweka mbao chini ya tairi, wapi, kesho yake kushoto tena. Mwishowe nikakubali kwamba tatizo liko kwenye upepo unaolibeba bodi.

Basi lenyewe ni la ekseli 3 lilikuwa la abiria wa safari ndefu, sasa ndo nyumba yetu kwa miezi mingi ya mwaka. Lina bagi 8, mbele 2, ekseli inayosukuma 4, na ile ekseli ya nyuma kabisa 2. Zilikuja na basi na umri wake hakuna aliyeujua, namba zilizochapwa kwenye mpira zilishafutika zamani.

Kwa ambaye hajawahi kuchungulia huko chini, bagi ni mpira mnene wenye nyuzi ndani kama tairi, unakaa juu ya pistoni (kigogo cha chini kinachoushikilia mpira, sio pistoni ya injini) na bodi zima limekalia upepo uliomo. Kwenye langu nyuma kila upande kuna valvu yenye mkono, na mbele ipo moja, na mkono umeunganishwa na ekseli kwa kijiti. Bodi likishuka mkono unapanda valvu inaingiza upepo, bodi likipanda sana inautoa. Kitu rahisi tu. Shida ni kwamba sisi wa mabasi ya nyumba tunakitumia tofauti na kilivyokusudiwa, basi la abiria linatembea kila siku, mpira unajikunja na kujikunjua mahali tofauti tofauti, la kwetu linakaa miezi 3 sehemu moja mpira umekunjwa palepale, na mzigo haushuki hata usiku, matangi ya maji, betri, jenereta, makabati, na mara nyingi upande wa jiko ni mzito kuliko wa pili. Kwahiyo usiangalie kilomita. Bagi yenye kilomita chache inaweza kuwa imekauka na kupasuka kwenye mkunjo kabisa.

Gereji ya kwanza niliyokwenda siitaji jina. Kijana alichungulia dakika 2 akasema bagi zote zimekufa, leta pesa tuagize, halafu akajilaza akaingia chini ya basi kuangalia boliti huku basi limesimama kwa upepo tu, hamna stendi hata moja. Nikamwambia toka. Akanijibu "kaka usiogope, hizi bagi zina nguvu". Jamani hapana, bagi ikipasuka au paipu ikichomoka bodi la tani nyingi linashuka hapohapo, nafasi inayobaki kati ya chesisi na chini haimtoshi mtu, na watu wameshakufa hivyo. Nilimwomba atoke mara 2 ndo akatoka, nikawasha nikaondoka, mikono inatetemeka kwa kweli.

Gereji ya pili ndo hii ninayoisifia. Fundi mkuu ni mtu mzima, kazi yake ni mabasi na malori, na kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa tepu ya kupimia na ndoo ya maji ya sabuni. "Bosi usinunue kitu bado, tulimwagie sabuni kwanza." Akajaza upepo mpaka kompresa ikakata yenyewe, kwenye psi 120 hivi, akaweka stendi za chuma chini ya chesisi, ndo wakaanza kupuliza sabuni kila ungio. Povu likatoka kwenye fitingi moja ya nyuma na kwenye bagi moja, lakini kidogo tu. Halafu akachomoa kile kijiti cha valvu ya kushoto akauweka mkono wa valvu katikati, hapo inatakiwa inyamaze kabisa, ya kwangu ikawa inapumua mfululizo kupitia tundu la kutolea. Ya kulia nayo vilevile, ila taratibu zaidi. Yani kilichokuwa kinalilaza basi langu kushoto kilikuwa hicho kivalvu kinachoenea kiganjani! Ningemsikiliza yule wa kwanza ningefunga bagi 8 mpya na basi lingeendelea kulala kushoto.

Sasa utaniuliza kwanini basi, zaidi ya zile valvu 2, nilibadilisha bagi zote. Kwa sababu alinionyesha. Alilipandisha basi juu mpaka mkunjo wa mpira ukafunguka, na bagi 3 zilikuwa na mipasuko ya kuzunguka huku nyuzi zinaonekana kabisa. Nyufa ndogo za juu juu za uzee unaweza kuzifuatilia, nyuzi zikionekana hakuna mjadala. Zile 5 zingine zilikuwa na umri uleule, na kulifungua basi mara 2 sikutaka.

Bagi zenyewe sasa. Sio za kampuni iliyotengeneza basi, ni za kutoka kwa mtengenezaji mwingine wa springi za upepo, tulilinganisha kwa namba ya spea iliyokuwa kwenye kitabu cha basi, na nashauri ufanye hivyohivyo usilinganishe kwa macho, bagi 2 zinaweza kufanana kipenyo lakini urefu wa kufunguka na umbo la pistoni vikatofautiana. Zimekaa vizuri. Boliti za juu ziliingia kwenye matundu bila kulazimisha, mpira ni mnene, na baada ya miezi 14 sijaona ufa hata mmoja. Ninacholalamikia ni kwamba zilikuja bila nati na bila fitingi za kuingizia upepo, hakuna mahali waliposema hivyo, tukapoteza nusu siku kutafuta.

Kazi ilichukua siku 3, walikuwa wameahidi 2. Boliti za zamani zilishikwa na kutu, 3 zilikatika. Lakini nilikaa pale muda wote na nilipenda jinsi walivyofanya kazi, walitoa upepo wote uliokuwa kwenye matangi ya upepo kabla ya kufungua kitu chochote, wakakwangua kutu kwenye vikalio vyote mpaka chuma kikaonekana wakapaka rangi, na pistoni 2 zilizokuwa na vishimo vya kutu wakazikataa kabisa kwa sababu mpira unapanda na kushuka juu ya pistoni kila sekunde, kutu inausaga kama msasa. Paipu zote za nailoni zikawa mpya, zikakatwa kwa kikatio chake maalumu, sio koleo, ukikata mshazari haikai sawa kwenye fitingi na itavuja tu. Kulowesha mpira wakatumia maji ya sabuni, hamna grisi wala mafuta karibu.

Shokapu nazo walinishauri nibadilishe, nikabisha kidogo. Akanieleza kwamba kwenye mabasi mengi shokapu ndo inayozuia ekseli isining'inie kupita kiasi, ikikatika siku unapiga jeki au gurudumu limeingia shimoni bagi inavutwa kuliko urefu wake inaweza kung'oka. Nikabadilisha.

Kabla ya kufunga chochote alifungua vibomba vya chini ya matangi. Yakatoka maji yenye rangi ya maziwa yaliyochanganyika na oili. Hapo ndo nilielewa valvu zilikufaje, drayeri ya upepo, yaani kifaa kinachoukausha unyevu, haikuguswa miaka mingi, katriji yake inayonyonya unyevu imeshiba, unyevu wote unapita mpaka kwenye valvu. Ikawekwa katriji mpya, na kompresa ikapimwa isije ikawa inarusha oili kupita kiasi. Pia akapima ile valvu ya kinga inayotenganisha upepo wa bagi na upepo wa breki. Aliachia upepo wa bagi makusudi, akakaa anaangalia geji ya breki, ikashuka kidogo ikasimama. Bila hiyo valvu bagi ikipasuka barabarani na breki nazo zinaishiwa.

Mwisho kabisa ukafuata urefu. Basi halisimami popote unapotaka, kuna kipimo cha umbali kati ya ekseli na chesisi kwenye kitabu cha kila modeli, na unakirekebisha kwenye vile vijiti vya valvu, taratibu, maana valvu nyingi zinachelewa makusudi zisifanye kazi kwa kila tuta. La kwangu nyuma lilikuwa juu kuliko inavyotakiwa, pengine kuna mtu alilipandisha ili lisiguse chini, na kwa hilo pembe ya propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli, ilikuwa imeharibika. Ule mtetemo niliokuwa nausikia sakafuni nikichanganya mwendo, ambao nilishaulipia balansi ya matairi mara 2, ukaisha siku hiyohiyo.

Teknolojia yenyewe ya bagi za upepo ni ya zamani sana, GM (General Motors wa Marekani) walishaiweka kwenye basi lao la PD-4104 mwaka 1953, na kwenye yale mabasi boriti za chini zenyewe zina upepo ndani, kwahiyo ukilinunua la kugeuza nyumba kagua boriti kwa sabuni kabla ya bagi, kutu ikitoboa pale bagi mpya hazikusaidii. Na ukiwa na basi la Eagle la zamani lenye mfumo wa Torsilastic haya yote hayakuhusu, lenyewe linabebwa na mpira unaojisokota ndani ya bomba la chuma, hamna bagi.

Leo hii naliegesha na linakaa siku 9 mpaka 10 kabla sijaona limeanza kushuka, zamani ilikuwa usiku mmoja. Likiwa linakaa muda mrefu nalishusha juu ya magogo niliyokata kwa kipimo ili mzigo usibaki kwenye mpira, na kila wiki 2 nawasha nalipandisha na kulishusha mara kadhaa.

Bagi nazipa nyota 4 kati ya 5, hiyo 1 ni ya zile nati. Gereji 5, japo fitingi moja ya mbele ilianza kulia baada ya wiki, nilirudi wakaikata paipu upya wakaifunga bila kunidai. Mwezi uliopita nimekuta alama ya kusuguliwa kwenye bagi ya nyuma kulia, klempu ya paipu ilikuwa imelegea inaugusa mpira basi likiwa chini kabisa. Nimeisogeza. Bado valvu ya mbele, tuliiacha kwa kuwa ilinyamaza kwenye kipimo, nayo ni ya zamani kama zile zilizokufa kwahiyo mpya nimeshaagiza.