Fundi wa piano aliyekuja kwangu South B, mpaka Scarlatti amepigika

Mimi nafunza piano nyumbani, South B, na kwa muda mrefu nimekuwa nalia na kitu kimoja, mafundi wanakuja wanakaza nyuzi wanalipwa wanaenda, tuni iko sawa lakini piano yenyewe haipigiki. Safari hii nimepata mzee mmoja, hana duka, anakuja na mkoba wake tu, na kazi yake nimeisikia kwa vidole.

Shida ilikuwa sonata moja, yaani kipande cha kinanda. Ni K. 141 (hiyo ni namba yake kwa orodha ya kazi zake) ya mtunzi Domenico Scarlatti, ile ya D maina. Kama hujawahi kuisikia itafute leo leo. Inaanza mkono wa kulia ukirudia noti ileile mara 6 kwa kila baa, yaani kipimo kimoja cha muziki, mbio mbio kama mvua kwa mabati, unabadilisha vidole 3-2-1, 3-2-1 juu ya kitufe kimoja, na mkono wa kushoto unachapa kodi (chords, noti kadhaa kwa pamoja) zenye noti zimebanana zinaumana makusudi, unaweza kuapa kuna mtu anakwaruza gitaa hapo ndani. Na huyu Scarlatti alizaliwa Naples, 1685, lakini kutoka 1729 aliishi Uhispania mpaka akafia Madrid 1757, mwalimu wa Maria Barbara, binti wa mfalme wa Ureno aliyekuja kuwa malkia wa Uhispania. Aliandika sonata 555, na kila nikirudia hii nasikia gitaa la Uhispania.

Sasa aliiandikia hapsikodi, kinanda cha zamani ambacho kinadonoa uzi na kuachilia. Piano ya kusimama kama yangu ni nyundo, ikigonga lazima irudi nyuma na kitufe kiinuke karibu mpaka juu ndio igonge tena, kitufe kikiwa kizito kurudi zile noti 6 zinakuwa 4, na mtoto anadhani ni mkono wake ndio mbovu. Mwanafunzi wangu mmoja nimemwambia muhula mzima afanye mazoezi polepole kumbe ni piano, na hiyo imeniuma sana.

Mzee alifika saa tatu asubuhi, hata mkoba hajafungua akaniambia, "Mwalimu, hebu piga hiyo inakusumbua." Nikapiga. Ameinama, sikio karibu na vitufe. "Rudia hapo, polepole." Halafu akasema, "Tuni si mbaya, mwalimu, ni unyevu, hivi vitufe vimebana." Akavitoa kimoja kimoja akanionyesha, chini ya kila kitufe kuna tundu lenye kitambaa kidogo chekundu na ndani mnaingia kipini cha chuma, mvua za Aprili kile kitambaa kinafura kinashika kipini. Anakibinya kidogo tu na koleo, anarudisha, anabonyeza, anasikiliza. Vitufe 88! Akaja kwa nyundo, tuni akaiacha mwisho kabisa.

Alimaliza saa kumi jioni, kwa hivyo ukimwita jua siku imeisha, mimi nilihamisha masomo mawili na hakuwa ameniambia mapema, hapo tu ndio namkata alama. Shilingi 9,000, na alikataa nitume M-Pesa kabla sijaijaribu mwenyewe.

Nikaipiga yote na marudio yake, maana kila nusu inapigwa mara mbili. Aki ni muziki mwingine. Hapsikodi hata uibonyeze kwa nguvu sauti haiongezeki, kwa hivyo Scarlatti akitaka kishindo anarundika noti, na zile kodi za kushoto ambazo kwangu zilikuwa matope tu sasa zinauma vizuri, unasikia kila noti ndani yake, na ile mvua ya juu haikatiki.

Jumanne yule mwanafunzi ameipiga, bado polepole, lakini nimehesabu, 6. Akaniangalia tu, akaanza tena bila kuambiwa.

Mzee atarudi mvua za vuli zikiisha. Mkimtaka mwiteni katikati ya wiki, Jumapili yuko kanisani.